Sori Haina Jibu

Tangu mume wangu atoke hospitali, sebule yetu haikauki wageni, na mimi sijui tena kiti kinakaliwaje. Mgeni akiingia nasimama. Akitoka nafagia alipokanyaga, na asipokuja mtu nafagia hivyo hivyo. Mume wangu anakaa karibu na dirisha, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, anapokea pole. Majirani wamempa pole. Mama mwenye nyumba kampa pole na ushauri juu. Hata fundi bomba aliyekuja kutazama bomba la jikoni, mtu hatujuani naye, kaona bandeji akasema pole sana mzee. Na yeye humjibu kila mmoja, "Nimeshapoa." Hajapoa. Vidole viwili vilibaki kwenye mashine ya kukandia unga kule kiwanda cha mikate, na mpaka leo anasema vinamwasha.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, shule ya msingi. Kazi hii ina ugonjwa wake: mtu akiongea, mimi nasikiliza maneno aliyochagua kabla sijasikiliza habari yenyewe. Kila mwaka nawaambia wanafunzi wangu kwamba Mwingereza ana neno moja tu, sori, na analipigisha kazi zote. Amemkanyaga mtu, sori. Rafiki yake kafiwa, sori. Hakukusikia vizuri, sori. Sisi tumezigawa hizo kazi. Pole ni ya aliyepatwa, samahani ni ya kupita katikati ya watu, nisamehe ni ya aliyekosa. Lakini watoto ni watoto. Siku moja mmoja alijikwaa uwanjani peke yake, darasa zima likamwitikia sori, na mgeni kutoka ng'ambo aliyekuja kututembelea akauliza kwa hasira ni nani kati yao aliyemsukuma mwenzao. Walimu tulicheka mpaka kipindi kikaharibika. Siku hizi nikikumbuka hata sicheki.

Mwenye kunikosesha usingizi na kiti ni mdogo wangu, wa tumbo moja, wa mwisho kwetu. Nyumbani tulimwita Kitinda na jina likamganda mpaka kazini. Mume wangu ndiye aliyemwingiza kiwandani. Alimfundisha unga, akamfundisha mashine, na Kitinda kwa kuwa Kiingereza chake ni cha kunyooka, akapanda haraka kuwa msimamizi wa zamu. Meneja wao ni mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye habari za asubuhi, kwa hiyo ni Kitinda aliyekuwa mdomo wake. Mume wangu hakuona wivu hata siku moja. Alikuwa akijisifu kwa watu, shemeji yangu huyo.

Tangu ajali, Kitinda anakuja kila siku. Anamfunga shemeji yake vifungo vya shati, anamkatia kucha za mkono wa kushoto, anawabeba watoto wangu mgongoni mpaka nawafukuza. Mtu akimwona atasema ndugu wa namna hii wamekwisha duniani. Hakai, lakini. Nikimpa kiti anasema anatoka sasa hivi. Nikimpa chakula anasema ameshakula, na macho yake hayabanduki kwenye sahani. Na neno lake ni moja, akiingia na akitoka: "Sori, shemeji. Sori sana."

Mume wangu hana la kumjibu. Pole ina jibu lake, mtoto mdogo analijua. Nisamehe nayo ina jibu lake, hata kama ni gumu kutoka. Sori haina jibu. Mume wangu hutingisha kichwa tu, halafu wote wawili wanatazama dirishani.

Hebu nieleze ilivyotokea, maana bila hivyo mtaona nagombana na hewa.

Mashine ya kukandia ni sufuria kubwa la chuma, mtu mzima anaingia mpaka kiunoni, na ndani lina mkono mnene unaozunguka. Kila mwisho wa zamu mtu huinama ndani akakwangua unga uliokauka. Swichi iko ukutani, nyuma ya nguzo, na anayesimama kwenye swichi hamwoni aliyeinama. Kwa hiyo mume wangu, miaka hiyo alipokuwa kijana pale, alianzisha desturi. Kabla hujaingia unavua kofia yako ya kazi unaitundika kwenye swichi. Kofia ikiwa pale, haiguswi na mtu yeyote isipokuwa mwenye kichwa. Meneja apige kelele, oda zichelewe, haiguswi. Mimi mwenyewe niliwashonea vitanzi ili zisianguke, na ya mume wangu niliitia uzi mwekundu. Kila mgeni wa kazi alifundishwa kofia kabla hajafundishwa mahali pa kunawa.

Siku ile mume wangu aliinama kukwangua, na Kitinda akawasha swichi.

Hilo Kitinda hakulificha. Aliwasha yeye. Ila alisema swichi haikuwa na kofia, na kweli kofia ya uzi mwekundu ilikutwa juu ya meza ya kupimia. Basi kiwanda kikasema mzee kasahau desturi yake mwenyewe, huo ni uzembe, na kikao kitakaa Jumatatu kuamua. Mtu akitolewa kiwandani kwa uzembe wa mashine, hakuna tanuri popote litakalompokea, hata la kuoka maandazi ya mtaani.

Lakini kufukuzwa sicho kilichokuwa kinammaliza. Kilichommaliza ni kwamba alianza kujitilia shaka.

"Niliitundika," aliniambia siku ya kwanza, bado yuko kitandani hospitali.

Siku zilizofuata akawa anasema, "Naona kama niliitundika."

Alipokuja nyumbani ikawa, "Labda sikuitundika, Mwalimu. Kitinda hawezi kunidanganya. Nimemlea."

Aliacha kuiamini mikono yake na kichwa chake. Akifunga mlango anarudi kuujaribu. Akizima jiko ananiita nikamhakikishie. Mtu niliyeolewa naye kwa sababu alikuwa hakosei, sasa ananiuliza kama amekunywa dawa huku kikombe bado kiko mkononi. Nilikuwa naingia jikoni nasugua sufuria safi, maana ningesimama mbele yake ningelia, na yeye hapendi kuliliwa.

Jumapili, siku moja kabla ya kikao, alikuwa anafanya mazoezi ya maneno. Kakaa dirishani pale, anasema taratibu, "Waheshimiwa, nakiri nilisahau." Anakohoa, anaanza upya. "Nakiri ni uzembe wangu."

"Utakiri kitu hukukifanya?" nikamwuliza.

"Sasa kama sikumbuki vizuri? Yaishe tu."

Nikatoka nje nikaanua nguo zilizokuwa hazijakauka. Nikazianika tena. Mama mwenye nyumba, kiti chake kikiwa mlangoni kama kawaida, akaniambia shuka haina kosa, niiache. Nilikuwa nasikia neno moja linazunguka kichwani, la mdogo wangu, nikawa najiuliza mbona mji mzima umempa mume wangu pole isipokuwa yeye.

Na hapo nikamkumbuka mama yetu.

Mama hakwenda shule, na sori alikuwa haitaki nyumbani mwake. Kitinda alipoanza darasa la kwanza alirudi nayo, akaiona dawa. Kikombe kimevunjika, "sori mama." Kuku kafunguliwa, "sori mama." Mama anamwita mbele yake, anamsimamisha wima. "Hiyo sori ni ya nani? Kama kikombe kimeanguka chenyewe, nipe pole, nimepata hasara. Kama umekivunja wewe, sema umefanya nini, useme umekosa, ndipo uombe." Hayo matatu, kwa mpangilio huo, na hukuondoka mpaka yatoke. Kitinda alikuwa anaweza kusimama pale mpaka miguu ikamtetemeka. Hakuwa mtoto wa kudanganya. Alikuwa mtoto wa kutafuta neno la kujificha.

Nikaziacha nguo kwenye kamba nikaingia ndani.

Alikuwa ameshafika, kapitia mlango wa uani. Jumapili ndiyo siku ya kumnyoa shemeji yake ndevu, maana kwa mkono wa kushoto mume wangu alikuwa anajichanja. Kamwekea taulo shingoni, kampaka povu mashavu yote, shavu moja ameshalimaliza. Wembe uko mkononi, beseni liko juu ya kigoda. Watoto niliwatuma kwa jirani.

"Kitinda," nikasema, "hujampa shemeji yako pole."

"Nimempa, dada. Nimeingia tu nikasema sori."

"Sikukuuliza Kiingereza. Kiingereza nalipwa mimi. Mpe pole."

Akacheka kidogo. "Dada bwana. Kwani si ni kitu kilekile?"

"Basi kama ni kitu kilekile, sema hiyo nyingine. Haikugharimu kitu. Fundi bomba kaisema."

Wembe ukasimama. Mume wangu, kichwa kakiegemeza nyuma, macho kafumba, akasema, "Mwache kijana aninyoe. Una nini leo?"

"Nina mdogo wangu hapa ambaye toka ajali hajasema pole. Na simwelewi. Kama kofia haikuwepo, yeye hana kosa, na asiye na kosa anatoa pole, anakaa, anakula, anakwenda zake." Sauti yangu ilikuwa imepanda, najua, hata redio ya mama mwenye nyumba niliisikia ikipunguzwa. "Weka wembe chini kwanza. Halafu umtazame useme pole, shemeji. Nikiisikia mimi nakuomba radhi hapa hapa, na nakupikia."

Akauweka wembe kwenye beseni. Akamtazama shemeji yake. Akafungua mdomo, na nilimwona kabisa akilitafuta lile neno, herufi nne tu, lipo pale kwenye midomo yake. Halikutoka. Akafunga mdomo, akaufungua tena. Halafu akajinyoosha wima vilevile kama zamani mbele ya mama, na mimi nikajua.

"Niliitoa," akasema.

Mume wangu akafumbua macho.

"Ilikuwepo, shemeji. Uzi mwekundu niliuona. Meneja alikuwa ananipigia simu kila saa, oda ya asubuhi imechelewa, nikadhani umeshatoka ukaisahau. Sikukuita hata jina. Niliitoa nikaiweka mezani nikawasha." Alikuwa analia sasa, pua na vyote. "Nimekosa. Nisamehe, shemeji. Nilitaka kusema pale pale, wakaniuliza mbele ya watu, nikasema haikuwepo, na baada ya hapo sikujua pa kurudia."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli, mkono ulinyanyuka wenyewe. Nimemsomesha mimi yule, sare yake ya kwanza niliishona mimi, na amemwacha mume wangu ajione mwehu wiki nzima na zaidi, akija kila siku kumfunga vifungo.

Lakini mume wangu hakuwa anatutazama. Alikuwa anatazama mkono wake wenye bandeji.

"Kwa hiyo niliitundika," akasema.

"Uliitundika, shemeji."

"Niliitundika." Akanigeukia mimi, povu kwenye shavu moja, machozi yanapita katikati ya povu. "Mwalimu, umesikia? Niliitundika."

"Nimesikia, baba watoto."

Akalisema tena mara nyingi, polepole, kila mara kama mtu anayepapasa mfukoni na kukuta funguo zake zipo. Vile vidole viwili hakuvitaja kabisa. Kisha akakiegemeza kichwa nyuma, shingo wazi, akafumba macho.

"Malizia upande huu," akamwambia Kitinda. "Siwezi kwenda kikaoni nusu nusu."

Kitinda akanitazama mimi. Nikampa mgongo nikaenda jikoni. Nikasikia wembe ukisuuzwa kwenye maji, kisha ukianza kupita shavuni. Mimi nilikuwa bado sijamsamehe mtu.

Jumatatu asubuhi nilivaa gauni langu la mikutano ya wazazi na nikamsindikiza mume wangu. Ofisi ya meneja ina meza ndefu, feni inayolia, na dirisha la kioo linaloangalia mashine. Kofia ya uzi mwekundu ilikuwa mezani ndani ya mfuko wa nailoni. Waliokaa ni meneja, mhasibu na mwakilishi wa wafanyakazi, na Kitinda kwenye kiti chake cha kila siku, pembeni mwa meneja, cha kutafsiri.

Meneja akasema neno lake la habari za asubuhi, akamgeukia Kitinda aanze. Kitinda akasimama. Akatoka kwenye kile kiti, akazunguka meza yote, akaja kusimama mbele ya mume wangu, akampa meneja mgongo. Akasema kwa Kiswahili yale matatu ya mama, hakuruka hata moja. Alichofanya. Kwamba amekosa. Na ombi lake. Mwakilishi wa wafanyakazi akashika kichwa. Mhasibu akawa anatazama feni.

Meneja hakuambulia kitu. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza kwa Kiingereza, anasema nini huyu? Mhasibu akasema Kiingereza chake ni cha hesabu tu. Kitinda alikuwa na uwezo wa kugeuka akajieleza mwenyewe, lakini hakugeuka. Alikuwa anangoja jibu la shemeji yake. Basi nikasema, mimi ni mwalimu wa Kiingereza, naweza.

Nilisimama, na hapo ndipo nikaona shimo lilipo. Meneja alikuwa amekwisha kuona mtu analia, na uso wake umelainika tayari. Ningemwambia tu, kijana anasema sori, angetingisha kichwa. Angedhani ni shemeji mwenye huruma. Neno lingepita, halina uongo ndani yake hata chembe, na mdogo wangu angerudi kwenye kiti chake. Mume wangu asingejua nilichosema. Nilikuwa na maneno yote ya lugha ile mkononi, na neno moja lingemwokoa mtoto wa mama yangu. Mwakilishi akanisukumia glasi ya maji.

Halafu nikamwona mume wangu. Alikuwa anautazama ule mfuko wa nailoni, wenye kofia yake ndani, macho kayakaza.

Nikasema yote. Nikasema kofia ilikuwepo na huyu aliitoa, kwa mkono wake, akijua ni ya nani, kisha akawaficha ukweli. Sori sikuitumia popote. Nilisema amefanya kosa na anakiri. Meneja akaniuliza mimi ni nani kwao. Nikamjibu, "Mke wa huyu. Dada wa yule."

Akamtazama mume wangu akasema lile neno lao, sori, na mume wangu akanigeukia. "Hiyo kasema ipi?"

Nikamwuliza meneja ni ipi. Ilibidi nimfafanulie, ya kumpa pole aliyepatwa au ya aliyekosa. Alifikiri kwanza, shingo ikamwiva nyekundu, kisha akasema ni ile ya pili, ya aliyekosa, kwa sababu simu zile alizipiga yeye.

Mume wangu alirudishiwa kazi yake, ila si ya kuinama tena. Atafundisha wageni. Alinyoosha mkono wa kushoto, akaichukua kofia yake kutoka kwenye mfuko, akaivaa pale pale ndani ya ofisi, na hakuna aliyemkataza. Kitinda aliondolewa siku hiyo hiyo. Alipewa muda wa kukusanya vitu vyake tu.

Tulimkuta nje ya geti, viatu vyake vya kazi kwapani vimefungwa kamba, hajui aelekee upande gani wa barabara. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, nimeyapanga toka Jumapili, na mengine yalikuwa ya kumkata maini. Nilipomfikia nikabaki namtengeneza kola ya shati, ambayo haikuwa na tatizo.

Mume wangu akaja nyuma yangu polepole, na kofia yake kichwani. Akamwekea shemeji yake mkono begani, ule wenye bandeji.

"Pole, shemeji," akasema.

Kitinda akavihamishia viatu kwapa la pili. Nilidhani atasema neno lake lile.

"Nimeshapoa, shemeji," akajibu, na alikuwa hajapoa hata kidogo.